Jaruba la Daraja la Kwanza

Alhamisi, tarehe nne Julai. Asubuhi kulikuwa na mawingu mazito kutoka mlima hadi mlima, joto la kunata, na hakuna hata tone moja la mvua.

Asubuhi hiyo, mbele ya jengo la ofisi ya Wilaya ya Yeolgok, Mheshimiwa Pyo Ik-hwan, Mkuu wa Wilaya, alikata utepe na kutangaza kwamba kuanzia siku hiyo wilaya yetu haitapima tena rutuba ya mashamba kwa kutembea. Itapima kwa kutazama kutoka angani.

"Zama za matope kwenye viatu zimekwisha!" alisema.

Tukapiga makofi. Sisi wa Idara ya Kilimo tulipiga kwa muda mrefu kuliko wengine, maana viatu vilivyokuwa vikizungumziwa ni vyetu.

Mimi ni Tak Jong-gyu, Naibu Mkuu wa Kitengo cha Tathmini ya Ardhi kutoka Angani. Mkuu wa kitengo bado hajateuliwa, wala wafanyakazi wa kitengo, kwa hiyo naibu ndiye anayejiagiza kazi, kuzifanya, na kujipongeza. Mimi pia ni shemasi katika kanisa dogo lililo mdomoni mwa bonde la Darakgol, na katika sala ya alfajiri siku ile nilimshukuru Mungu kwa ajili ya setilaiti. Nililitafakari jambo hilo kwa unyenyekevu. Tangu kuumbwa kwa dunia, aliyekuwa akiyatazama mashamba ya Yeolgok kutoka juu ni Mwenyezi Mungu peke yake. Sasa wako wawili, Mungu na Wilaya. Niliomba wasitofautiane.

Jina kamili la kazi yetu ni Mfumo Jumuishi wa Kidijitali wa Kubaini Uzalishaji wa Ardhi. Tunauita Mfumo. Setilaiti hupiga picha, kompyuta hupima ukijani wa kila kipande cha ardhi, kisha ramani hupakwa rangi. Kijani kibichi ni Daraja la Kwanza. Njano ni Daraja la Pili, ambalo linahitaji kutiwa moyo. Nyekundu ni Ardhi Iliyolala. Kwa mujibu wa Mwongozo wa Mfumo, ardhi iliyolala haipewi maji ya bwawa, kwa sababu maji ni rasilimali ya umma, na mtu aliyelala hanyweshwi. Ikikosa mavuno, ardhi hiyo inachukuliwa na wilaya na kupewa mtu aliye macho. Ni utaratibu wa haki kabisa, na umepigwa chapa kwenye karatasi nzito.

Tatizo lilikuwa mawingu. Mwaka huu tulipata masika makavu, yaani mawingu yanafunga anga wiki baada ya wiki lakini hayashushi kitu. Setilaiti ilipita juu yetu kwa uaminifu na kila mara ikaona pamba tupu. Ilipata asubuhi moja tu ya anga safi, mwishoni mwa Juni, ikapiga picha wilaya nzima kwa furaha.

Asubuhi hiyohiyo, watu wa Darakgol walikuwa wamekausha majaruba yao ya mpunga.

Hapa sina budi kueleza kitu ambacho kila mtu wilayani anakijua. Mpunga ukishashika na kuchipua, maji hutolewa jarubani kwa siku kadhaa. Matope yanakauka hadi yanapasuka na mguu hauzami tena. Machipukizi ya bure yanakoma, mizizi inashuka chini kutafuta maji, na majani yanapauka kidogo. Kisha maji yanarudishwa kabla mpunga haujabeba mimba ya masuke. Darakgol wanafanya hivyo wote siku moja, kwa sababu majaruba yao yamepangwa kama ngazi ubavuni mwa mlima na yanashiriki mfereji mmoja. Maji ya wa juu ndiyo ya wa chini. Mwenyekiti wa kijiji anatangaza kwenye kipaza sauti kilicho juu ya nguzo, na kila mtu anafungua tuta lake. Najua hivyo mimi, anajua Mheshimiwa, anajua hata dereva wa Mheshimiwa. Asiyejua ni Mfumo, na hilo si kosa lake, maana hakuna aliyeuambia.

Ramani ilipotoka, Darakgol ilikuwa nyekundu kama kidonda.

Kikao kiliitishwa siku moja baada ya uzinduzi. Niliifungua ramani ukutani.

"Darakgol yote imelala?" aliuliza Mheshimiwa.

"Wamekausha majaruba, Mheshimiwa. Ni wakati wake."

"Aa, kweli! Marehemu baba alikuwa ananituma kufungua matuta. Nikirudi, nyayo zinawaka moto." Alitabasamu kwa kumbukumbu hiyo. "Kwa hiyo hawajalala."

"Hawajalala."

"Na Mfumo unasemaje?"

"Unasema wamelala."

Mkuu wa Idara ya Mawasiliano, kijana mwenye mawazo ya haraka, alikohoa.

"Mheshimiwa, Mfumo tumeuzindua jana. Tukisema leo kwamba umekosea, wananchi watauliza jana tulikuwa tunapigia nini makofi."

Hoja ilikuwa nzito. Mheshimiwa aliipima kwa muda, akitazama ramani, kisha akatoa uamuzi ambao bado nauona kuwa wa kiutawala kabisa.

"Sisi hatusemi kwamba wamelala. Tunasema kwamba wanaonekana wamelala. Naibu Tak, nenda kafunge lango la maji kwa muda, mpaka waonekane wameamka."

Nilichukua kufuli mpya ghalani na kupanda Darakgol.

Lango la maji liko juu ya kijiji, chini ya ukuta wa bwawa. Lina gurudumu la chuma linalozungushwa kwa mikono miwili. Nilikuwa sijamaliza kupitisha mnyororo wangu niliposikia pikipiki. Alikuwa Guk Man-ho, mwenyekiti wa kijiji, mtu mwenye sauti nene aliyezoea kipaza sauti kiasi kwamba hata akikunong'oneza unajisikia umetangazwa. Nyuma yake, ameshika kofia ya jua kwa mkono mmoja na kiuno cha mwenyekiti kwa mwingine, alikuwa Bibi Bang Sun-rye.

Bibi Sun-rye ni mjane. Jaruba lake ni la mwisho kabisa chini, linalopokea maji baada ya watu wote. Mchele wa jaruba hilo ndio anaokula mwaka mzima, na unaobaki anawafungia mabinti zake walioko Incheon. Kanisani anaketi benchi la nyuma yangu.

"Shemasi Tak," alisema huku akishuka, "huo mnyororo ni wa nani?"

"Wa wilaya, bibi. Ni zuio la muda la rasilimali."

"Sema Kikorea."

"Nafunga maji."

"Wewe mtu wewe! Saa kumi na moja unapiga magoti kumwomba Mungu mvua, saa tatu unakuja kufunga maji. Mungu amsikilize nani, wa saa kumi na moja au wa saa tatu?"

Nilimweleza kwamba mambo hayo mawili yako chini ya idara tofauti.

"Tak, acha mzaha," alisema Guk. "Leo ndiyo nilikuwa nitangaze maji yarudi. Mpunga uko karibu kubeba mimba."

"Siku ngapi?" niliuliza, kwa ajili ya taarifa yangu.

"Ukikosa maji mpaka katikati ya wiki ijayo, masuke yatatoka matupu," alisema Bibi Sun-rye. "Utavuna makapi. Halafu mtasema, mnaona, si tulisema limelala? Mtanichukulia jaruba."

Nilikiri kwamba ndivyo utaratibu unavyokwenda. Lakini niliwapa matumaini. Kuna kitu kinaitwa Ombi la Marekebisho ya Rangi.

"Enhe," alisema Guk. "Linafanyaje kazi hilo?"

"Mnaandika kwamba ardhi si nyekundu. Mnaambatanisha ushahidi."

"Ushahidi si huo hapo chini? Angalia! Mpunga huo, unatikisika na upepo!"

"Ushahidi unaokubalika ni picha mpya ya setilaiti."

Wote watatu tulitazama juu. Mawingu yalikuwa palepale, mazito kama godoro.

"Na mpaka yapasuke, mpunga umekufa," alisema Guk taratibu. "Picha itaonyesha mpunga mfu."

"Katika hali hiyo rangi nyekundu itakuwa imethibitishwa," nilisema.

Bibi Sun-rye aliketi kwenye ukingo wa mfereji uliokauka. Alikuwa akitazama chini bondeni, mahali jaruba lake linapopakana na barabara. Nilitaka kumwambia maneno ya faraja, lakini Mwongozo haukuwa nayo, na yale ya Biblia yaliyonijia yote yalikuwa yanahusu maji.

"Hebu tuonyeshe hiyo ramani," alisema Guk hatimaye. "Tujue wenzetu walioamka wanafananaje."

Nilitoa tableti. Najivunia ramani yetu, sikatai. Niliwaonyesha wilaya nzima, kisha nikaikuza Darakgol. Kote kulikuwa na rangi nyekundu. Lakini juu, upande wa kulia wa bwawa, palikuwa na kipande kimoja kinachong'aa kijani kibichi hata kinaumiza macho.

"Hilo ni Daraja la Kwanza," nilisema. "Si Darakgol tu. Kwa mujibu wa Mfumo, ndilo jaruba bora kuliko yote wilayani."

Guk alitazama tableti. Akatazama upande wa kulia wa bwawa. Akatazama tableti tena. Bibi Sun-rye naye akainuka, akafuta miwani kwa taulo la shingoni, akatazama.

"Man-ho," alisema, "hapo si kwa marehemu mzee Pyo?"

"Ndipo."

"Kwa baba yake Ik-hwan."

"Kwa Mheshimiwa," nilisahihisha.

Kutoka pale langoni tuliliona vizuri. Tangu mzee Pyo afariki, hakuna jembe lililoingia pale. Chik, yale magugu yanayotambaa, yalikuwa yameshuka kutoka msituni na kulimeza jaruba zima, matuta, banda, na trekta ya mkono ya marehemu ikiwa ndani ya banda. Yalikuwa yamepanda nguzo ya umeme hadi juu, kiasi kwamba ilionekana kama mtu mnene aliyevaa koti la majani. Majani yenyewe ni mapana, yenye afya, yamebanana. Kama kipimo ni ukijani, sikuona namna ya kubishana nao.

Guk alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika pikipiki. Bibi Sun-rye hakucheka.

"Shemasi," aliniuliza kwa upole uliozidi, "mkulima akiwa wa kwanza wilaya nzima, wilaya haimpi hata hongera?"

Nilifungua Mwongozo. Kipo kifungu. Jaruba linaloongoza linatakiwa kufanyiwa Siku ya Mafunzo ya Mkulima wa Mfano, ambapo wenye ardhi iliyolala huja kujifunza kwa mwenye jaruba. Wanaoomba siku hiyo ni wanakijiji wenyewe, na ofisi haina mamlaka ya kukataa ombi la wananchi wanaotaka kujifunza.

"Sisi tunataka kujifunza," alisema Bibi Sun-rye.

"Tunataka sana," alisema Guk.

Kabla sijafika chini ya mlima, kipaza sauti cha kijiji kilikuwa kinanguruma juu ya mapaa. "Aa, aa. Wanakijiji, hapa ni mwenyekiti wenu. Kuna habari njema. Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya amekuwa mkulima bora wa Yeolgok yote, kwa jaruba la marehemu baba yake. Narudia, jaruba la marehemu baba yake. Anayecheka, acheke ndani. Jumatano tunakwenda kujifunza. Kina mama wapike tambi."

Lazima niseme jambo kuhusu sheria, kwa wasiojua. Katika nchi yetu, mwenye shamba ni yule anayelilima. Wanasiasa wengi wamepoteza viti kwa sababu ya kipande cha ardhi walichokuwa wakikilima kwa mdomo tu. Ndiyo maana Mheshimiwa, wakati wa kuomba kura, alibandika picha yake kila ukuta ikiwa na maneno "Mwana wa mkulima, na mkulima mwenyewe". Uchaguzi mwingine ni mwakani.

Nilimpelekea ombi la wanakijiji mezani.

"Jaruba bora wilayani?" alisema, akasimama. "Langu? La baba?"

"La Daraja la Kwanza, Mheshimiwa."

"Si niliwaambia Mfumo unafanya kazi!" Alizunguka meza mara moja. "Lakini ngoja. Kuna nini pale siku hizi?"

"Kijani, Mheshimiwa."

"Kijani cha nini?"

"Mfumo hausemi cha nini."

Alifikiri kidogo, kisha uso wake ukafunguka. "Atakuwa binamu yangu. Alikuwa ananisumbua nimwachie alime. Kumbe kaanza kimyakimya, mjanja yule. Safi. Waite waandishi wa habari."

Sikumsahihisha. Nimeusoma Mwongozo mwanzo hadi mwisho, na hakuna kifungu cha kumsahihisha Mheshimiwa.

Naungama, hata hivyo, kwamba sala za alfajiri za siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Kanisani kwetu tunaomba wote kwa pamoja, kwa sauti, kila mtu na shida yake, mpaka madirisha yanatetemeka. Kwa kawaida sisikii jirani anaomba nini. Lakini Bibi Sun-rye aliamua kuomba kuelekea kisogo changu.

"Bwana!" alilia. "Umguse huyu shemasi wa mbele yangu! Huyu wa koti la kijivu, mwenye ufunguo mfukoni! Umkumbushe, Bwana, kwamba mama yake naye alikuwa na jaruba!"

Watu wakaitikia amina. Nami niliitikia, kwa mazoea, kisha nikagundua nimeitikia nini.

Jumatano mawingu yalikuwa bado. Kijiji kizima kilipanda kwa marehemu mzee Pyo. Kina mama walileta sufuria za tambi baridi, kimchi na birika za pombe ya mchele. Vijana wachache waliobaki kijijini, yaani wale wa miaka sitini, walifunga bango la kitambaa kati ya miti miwili. Liliandikwa: HONGERA MHESHIMIWA PYO IK-HWAN, MKULIMA WA DARAJA LA KWANZA. NI SISI WANAKIJIJI WA ARDHI ILIYOLALA, DARAKGOL. Maneno yote yalikuwa sahihi kwa mujibu wa kumbukumbu za ofisi, nikayaidhinisha.

Gari jeusi lilifika. Mheshimiwa alishuka akiwa na viatu vya mpira vipya na tabasamu la picha. Mwandishi wa gazeti la wilaya, dada mmoja anayeitwa Ma Yeon-ju, alimsogelea na kamera shingoni.

"Hongera, Mheshimiwa. Naomba picha moja ukiwa jarubani."

"Bila shaka, bila shaka. Ndugu zangu wa Darakgol, nimefurahi! Marehemu baba angeona siku hii..." Aligeuka kulia. Akageuka kushoto. Akaniinamia sikioni. "Tak, jaruba liko wapi?"

"Mbele yako, Mheshimiwa."

"Hapa kuna msitu."

"Ndilo."

"Banda la baba je?"

"Ni pale palipovimba."

Alitazama pale palipovimba. Nadhani aliiona ncha ya usukani wa trekta ya marehemu, maana ilikuwa imechomoza kidogo katikati ya majani kama mkono wa mtu anayezama. Tabasamu lilibaki usoni, lakini halikuwa na mtu ndani.

"Mheshimiwa," alisema Guk kupitia kipaza sauti cha mkononi, ingawa alikuwa hatua chache tu kutoka kwetu, "tumekuja kujifunza. Tuanze na mbolea. Unatia nini mpaka linakuwa kijani hivi?"

"Na maji?" aliuliza mama mmoja mwenye sufuria. "Sisi tumefungiwa maji na tumekuwa wekundu. Wewe unanywesha saa ngapi?"

"Na hiyo nguzo ya umeme, Mheshimiwa, uliipanda mwenyewe au imeota?"

Watu walikuwa wanauliza kwa adabu, wameshika kofia mikononi. Mheshimiwa alinivuta kando mpaka mwiba ukashika suruali yangu.

"Sema Mfumo umekosea," alininong'oneza.

"Siwezi, Mheshimiwa. Kosa la Mfumo linathibitishwa kwa picha mpya ya setilaiti."

"Basi iletwe hiyo picha!"

Nilinyoosha kidole juu. Alitazama godoro la mawingu, na kwa mara ya kwanza nilimwona akilitazama kama wanavyolitazama wakulima.

"Nani anaweza kuufuta huo utaratibu?"

"Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa. Kwa kauli yake, hadharani."

Dada Yeon-ju alikuwa ametusogelea na kalamu yake. "Samahani, nisaidieni niandike vizuri. Hapa ni shamba? Maana nikiandika ni shamba, msomaji atataka kujua linatoa nini. Na nikiandika si shamba, nitaandika kwamba ardhi ya kilimo ya Mheshimiwa hailimwi. Mniambie tu, mimi nitaandika lolote."

Mheshimiwa alichukua kipaza sauti. Alianza na teknolojia, kwamba bado ni changa. Akaendelea na changamoto, kwamba zipo. Alikuwa anaelekea kwenye ushirikiano wa wadau pale Bibi Sun-rye alipopita katikati ya watu akiwa na bakuli la tambi, akamwekea mkononi, akasimama mbele yake. Kimo chake kinafika kwenye tai ya Mheshimiwa.

"Ik-hwan, mwanangu," alisema, na watu wakanyamaza, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwita hivyo tangu achaguliwe. "Umekula tambi zangu hapahapa ukiwa mdogo, siku za kupanda. Mimi sihitaji hotuba. Nina mpunga unakufa kwa kiu. Sema tu unachokiona. Hapa unaona nini?"

Alishika bakuli kwa mkono mmoja na kipaza sauti kwa mwingine.

"Magugu," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza tangu uzinduzi kwa kiongozi wa wilaya kuona kitu kwa macho yake, nikaliandika hilo kwenye taarifa yangu.

"Na kule chini?"

Alitazama chini bondeni. Majaruba yalikuwa yamepauka, na kutoka juu pale ungeweza kuona nyufa za matope zikiwa nyeusi katikati ya mistari ya mpunga.

"Mpunga. Mpunga uliokaushwa, kama kila mwaka." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Umekaushwa kupita kiasi. Ulitakiwa uwe umeshapata maji."

"Umelala?"

"Haujalala, mama."

"Basi kilichofunga maji ni nini?"

Mheshimiwa alinigeukia. "Naibu Tak, fungua lango."

Nilimwomba arudie amri hiyo kwenye kipaza sauti, akitaja kwamba macho ya mtu aliyesimama shambani yanakubalika kuwa ushahidi, kwa kuwa bila maneno hayo kufuli ingerudi Ijumaa. Alinitazama kwa namna ambayo sijaandika. Kisha akarudia, neno kwa neno. Nilitoa ufunguo mfukoni, ambako ulikuwa umenichoma paja kwa siku zote hizo, nikampa Guk, na pikipiki yake ikaruka kuelekea bwawani kabla sijamaliza kumweleza jinsi ya kusaini.

Watu wakashangilia. Dereva wa Mheshimiwa akafungua mlango wa gari.

"Asante, mwanangu," alisema Bibi Sun-rye, bila kuondoka mbele yake. "Lakini umesema macho ni ushahidi. Sasa wote tumeona kilichopo hapa."

Mlango wa gari ulibaki wazi. Dada Yeon-ju akafungua ukurasa mpya.

"Haya magugu yako yanashuka kila mwaka," aliendelea bibi. "Mwaka jana yalifika kwa mwenzangu wa juu. Mwaka huu nimeyang'oa kwenye tuta langu kwa mundu. Mimi siombi uchukuliwe ardhi. Baba yako alikuwa jirani mwema. Naomba useme mbele ya watu hawa utafanya nini."

Kutoka juu, upande wa bwawa, tulisikia gurudumu la chuma likilia, kisha mngurumo, kisha maji yakipiga saruji ya mfereji. Kila mtu aligeuza kichwa isipokuwa Bibi Sun-rye. Yeye alikuwa anamtazama Mheshimiwa.

Mheshimiwa aliweka bakuli la tambi chini, juu ya jani pana la chik, akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mimi, Pyo Ik-hwan," alisema, "mbele ya wanakijiji wa Darakgol, naahidi kwamba kesho asubuhi nitakuja hapa kuondoa magugu haya."

"Wewe mwenyewe!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma.

"Mimi mwenyewe."

"Si kutuma watu wa ofisi!"

"Sitatuma watu wa ofisi."

Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, kwa kuwa watu wa ofisi ni mimi.

"Bila dereva!"

"Bila dereva. Nitakuja kwa basi."

"Bila mpiga picha!"

"Mpiga picha atakuwepo," alisema Dada Yeon-ju bila kuinua kichwa.

"Na nitakuja kila siku ya mapumziko," alisema Mheshimiwa, na sasa hakuwa akingoja kusukumwa, "mpaka banda la baba lionekane. Na mwakani, uchaguzi uwepo usiwepo, hapa patapandwa mpunga, na siku mtakayokausha majaruba yenu, na mimi nitakausha langu."

Watu walianza kupiga makofi. Bibi Sun-rye aliinua mkono, na makofi yakakoma.

"Ukikata juu tu, baada ya mwezi yamerudi," alisema. "Na mizizi?"

Mheshimiwa alitazama chini, mahali ambapo shina moja, nene kama paja la mtu, lilikuwa limezama ardhini karibu na viatu vyake vipya. Alivuta pumzi, na kipaza sauti kikaipeleka pumzi hiyo bonde zima.

"Na mizizi," alisema.